Kutafuta Mzizi wa Kitenzi Ndani ya Gigabaiti Mbili: Tathmini ya Programu za Kupekua Mafaili Makubwa ya Matini

Kazi yangu ya kuandaa maingizo ya kamusi hunilazimu kuuliza swali moja mara nyingi kwa siku: wazungumzaji wenyewe hulitumiaje neno hili? Jibu hulipata katika matini, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizikusanya kwenye kompyuta yangu ya mkononi: taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge la Tanzania, makala za Wikipedia ya Kiswahili, sentensi zilizokusanywa na Chuo Kikuu cha Leipzig nchini Ujerumani, na habari za magazeti. Zote nimezigeuza kuwa matini tupu na kuziunganisha katika faili moja lenye zaidi ya gigabaiti 2. Tathmini hii inahusu programu nilizozijaribu ili kulipekua faili hilo.

Kosa la kwanza, ambalo naamini wengi hulifanya, ni kulifungua faili la namna hii kwa programu ile ile tunayoandikia barua. Niliyokuwa nayo iliganda, ikameza kumbukumbu yote ya kompyuta, na hatimaye nikalazimika kuizima mashine kwa kitufe. Programu nyingi za kuandikia hulipakia faili zima kwenye kumbukumbu, kisha huhifadhi taarifa nyingine juu ya kila mstari ili uweze kuuhariri. Mtu anayetaka kutafuta tu hutozwa gharama ya kazi asiyoihitaji.

Kundi la pili ni la programu zinazotengeneza faharasa, kama vile Recoll na DocFetcher. Hizi hupitia mafaili mara moja, huorodhesha kila neno pamoja na mahali lilipo, na baada ya hapo hujibu maswali kwa haraka hata matini zikiwa nyingi mno. Husoma pia PDF na nyaraka za Word, na kwa mwanasheria au mtunza kumbukumbu mwenye maelfu ya nyaraka ndogo ndogo ningezipendekeza bila kusita. Kwa anayechunguza Kiswahili, hata hivyo, faharasa ya aina hii ina upungufu wa msingi. Orodha yake imepangwa kwa kufuata mwanzo wa neno, ilhali kitenzi chetu hubeba mzizi wake katikati, kikiwa kimetanguliwa na viambishi vya nafsi, njeo na yambwa. Ukiandika «soma», hupati «anasoma», «walisoma» wala «tusomeshane», kwa kuwa machoni pa programu hayo ni maneno manne yasiyo na undugu wowote. Kiingereza na Kifaransa vimetungiwa kanuni za kukata viambishi ili maneno ya mzizi mmoja yakutane. Katika lugha ambazo Recoll inazifanyia hivyo, Kiswahili hakimo. Unaweza kuweka kinyota mwanzoni mwa neno, lakini hapo programu hulazimika kupitia orodha nzima ya maneno, na mwongozo wa Recoll wenyewe unaonya kwamba utafutaji wa namna hiyo unaweza kuwa wa polepole sana.

Ndiyo maana nimeegemea kundi la tatu, yaani programu zinazolisoma faili lenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho na kulinganisha kila mstari na ruwaza uliyoitoa, yaani maelezo mafupi ya umbo la herufi unalolitafuta. Baba wa ukoo huu ni grep, iliyoandikwa na Ken Thompson kwa ajili ya mfumo wa Unix mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ninayoitumia kila siku ni ripgrep ya Andrew Gallant, iliyotolewa mwaka 2016, ambayo ni programu huria na hupatikana kwa Windows, Linux na Mac. Ina kasi kubwa kiasi kwamba kikwazo kinachobaki ni diski. Diski ya kuzunguka husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde, kwa hiyo faili la gigabaiti 2 litachukua sekunde 20 hivi hata programu iwe hodari namna gani. Diski isiyozunguka (SSD) huupunguza muda huo hadi sekunde chache. Utafutaji wa pili huwa mwepesi zaidi, kwa sababu mfumo wa kompyuta hubakiza faili kwenye kumbukumbu ikiwa nafasi inatosha. Mwenye fedha za kuboresha kitu kimoja tu na abadilishe diski kabla ya kununua programu yoyote.

Thamani kubwa ya ripgrep kwangu imo katika ruwaza. Amri ya rg -o "\w*pen[dz]\w*" (rg ni ripgrep, -o hutoa neno lililolingana tu badala ya mstari mzima, \w* ni herufi zozote, na [dz] ni d au z) huniletea anapenda, walipendana, kupendwa na upendo, na pia mapenzi na kipenzi, ambamo sauti ya d imegeuka kuwa z. Huleta vilevile mapendekezo, ambayo katika taarifa za Bunge ni mengi mno. Nikitaka mistari yake iondoke, naacha -o na kupitisha matokeo kwenye amri ya pili yenye -v, inayoondoa mistari iliyolingana, na neno «pendekez». Ruwaza ya ng.?ombe, ambamo .? ni alama yoyote moja au pasipo alama, hunitatulia tatizo ambalo wasiofanya kazi na Kiswahili hawalifikirii: ritifaa ya ng'ombe huandikwa kwa alama iliyonyooka katika matini moja, kwa alama iliyopinda katika nyingine, na katika PDF zilizogeuzwa vibaya hupotea kabisa. Anayetafuta kwa alama moja tu atahesabu pungufu bila kujua.

Vitenzi vya silabi moja vinabaki kuwa mtihani. Mzizi wa «kula» ni herufi moja, na «hali» inaweza kuwa kitenzi au nomino. Hakuna ruwaza itakayozitenganisha. Kwa swali kama hilo huingia kwenye intaneti na kutumia hazina ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo maneno yake yamekwisha kuchanganuliwa kimofolojia.

Zipo tahadhari ambazo mgeni wa ripgrep anapaswa kuzijua. Ikielekezwa kwenye folda, huyaruka mafaili yaliyofichwa, yale yaliyotajwa katika .gitignore (orodha ambamo waandishi wa programu hutaja mafaili ya kupuuzwa), na yale inayoyadhania kuwa si matini. Ukiongeza -uuu, itapekua yote. Chaguo la -w hudai neno zima, hivyo huwafaa Waingereza zaidi yetu, kwani kwa «soma» litaiacha «anasoma». Kirai kilichokatwa na mwisho wa mstari hakipatikani bila chaguo la -U. Muhimu kuliko yote, geuza matini zote ziwe katika mfumo mmoja wa kuhifadhi herufi, UTF-8, kabla ya kuziunganisha: kipande kimoja cha mfumo mwingine, UTF-16, kikichanganywa humo kinaweza kuifanya programu ilione faili zima kuwa si matini.

Kwa asiyependa dirisha la amri, chaguo langu ni klogg, iliyozaliwa kutokana na glogg. Hulisoma faili moja kwa moja kutoka kwenye diski bila kulipakia lote, na dirisha lake lina sehemu mbili: juu faili lenyewe, chini mistari iliyolingana na ruwaza. Ukibofya mstari wa chini, sehemu ya juu hukupeleka mahali pake, nawe unausoma muktadha. Ilikusudiwa mafundi wanaochunguza kumbukumbu za mitambo, lakini kwa mtunga kamusi mpangilio huo ni neema. AntConc ya Laurence Anthony hupanga matokeo vizuri zaidi, neno likiwa katikati na jirani zake kulia na kushoto, ila huanza kwa kujenga hifadhidata, hivyo mimi huipa sehemu ndogo niliyokwisha kuichuja kwa ripgrep.

ripgrep, klogg na AntConc ni za bure. ripgrep haihitaji hata kusakinishwa: kwa Windows ni faili moja la rg.exe, ambalo nimeliweka kwenye flashi pamoja na matini, na hulitumia kwenye kompyuta yoyote ninayoazimwa.