Fundi aliyeniwekea tachi ya Nintendo DS: mkono mzuri, mdomo mbaya

Nianze na haki yake, maana nikiendelea kidogo hasira itanizuia kuisema. Tachi aliyoniwekea fundi huyu wa Kariakoo ni nzuri kuliko ile niliyonunua nayo mashine yangu ya DS, ile ya gemu ya mkononi yenye skrini mbili. Nimeijaribu kwa herufi mbili za Kijapani ambazo huumbua kila kioo kibovu: 右, yaani kulia, na 左, yaani kushoto. Kwa macho zinakaribiana, lakini ya kulia unaianza na mstari wa kuinama na ya kushoto unaianza na mstari wa kulala. Kioo cha zamani kilikuwa kinakata mstari katikati, programu yangu ya kujifunzia kuandika inahesabu miwili badala ya mmoja, na jibu sahihi linaandikwa kosa. Sasa kalamu ikipita, mstari unaifuata mpaka pembeni kabisa bila kutetereka.

Kwa kazi hiyo peke yake alistahili nyota tano. Nampa moja.

Niwaeleze kwanza mashine yenyewe naitumia kwa nini, maana huko ndiko ugomvi ulikoanzia. Mimi naagizia watu magari yaliyotumika kutoka Japani. Gari likipita mnadani lina karatasi yake ya ukaguzi. Alama za kwenye mchoro kila wakala anazijua: A mkwaruzo, U pameingia ndani, S kutu. Shida ni yale maelezo ya chini ambayo mkaguzi anayaandika kwa mkono, mbiombio, kwa kanji, yaani herufi za Kijapani kama hizo mbili za juu. Humo ndimo inamotajwa kutu ya uvunguni. Humo pia unaweza kukutana na 修復歴, kwamba mifupa ya gari iliwahi kuumia ikatengenezwa. Simu inatafsiri vizuri maandishi yaliyochapwa, ila mwandiko wa mkaguzi mwenye haraka unaishinda mara nyingi, na mteja anayelipa mamilioni hawezi kutegemea bahati. Mwandiko wa namna hiyo unausoma vizuri pale tu wewe mwenyewe unapojua mkono unaanzia wapi na kuishia wapi.

Ndiyo maana naandika programu ya kujifunzia maneno hayo kwenye DS, kwa lugha ya C, na devkitARM na libnds, vifaa vya bure ambavyo wapenzi wa mashine hizi wamevitunza miaka yote. Mpangilio wa mistari nimeutoa KanjiVG, hazina ya bure inayoonyesha kila kanji inavyoandikwa mstari kwa mstari. Maana za Kiswahili nimeziandika mwenyewe, neno kwa neno, kutoka kwenye karatasi halisi za wateja. Skrini ya juu inatoa maana, ya chini unaandika. Watu wananiuliza kwa nini nisitumie simu. Tachi ya DS inasikia mgandamizo, kwa hiyo ncha nyembamba ya plastiki inatosha. Herufi ya kutu, 錆, ina mistari 16. Ukiiandika kwa kidole kwenye simu, kidole kinaifunika herufi yote na huoni unachofanya.

Na moyo wa programu ni tarehe. Natumia kanuni ya SM-2 ya kupanga siku ya kurudia neno, ile iliyotungwa Poland miaka ya 1980: neno ukilipata linarudi baada ya siku 1, halafu 6, halafu pengo linazidi kukua kadiri unavyolikumbuka. Bila tarehe sahihi hakuna programu.

Sasa fundi. Kubadilisha tachi lazima utoe betri, hilo nalijua na simlaumu. Saa ya mashine ikapotea. Wakati anajaribu kioo chake akabonyezabonyeza mpaka akapita sehemu ya tarehe, mashine ikabaki mwaka 2000, akaifunga, akanikabidhi, akapokea elfu thelathini yake. Neno hata moja hakusema.

Nyumbani nikawasha. "Hakuna neno la leo." Nikafurahi, nikaona nimelipa deni la maneno ya kurudia, nikaongeza maneno mapya. Kesho yake yakarudi hayo mapya tu, ya zamani hata moja. Siku kadhaa zimekwenda ndipo nikafungua faili la kumbukumbu kwenye kompyuta nikakuta kila kitu kimegongwa 2000. Maneno ya zamani yalikuwa yanasubiri siku ambayo, kwa hesabu ya mashine, iko zaidi ya miaka ishirini mbele. Niliporudisha tarehe, yale mapya yakaonekana hayajaguswa zaidi ya miaka ishirini, yakamwagika yote kwa mkupuo pamoja na ya zamani yaliyolimbikizana. Ratiba niliyoijenga kwa miezi ikavurugika.

Nikarudi, kwa upole kabisa. "Fundi, salama? Ulipotoa betri tarehe ilipotea, ungeniambia tu."

Hakuinua kichwa. "Umeleta kioo, kioo kinafanya kazi. Tarehe inanihusu nini?"

Nikamweleza kuhusu programu. Akacheka, akawageukia wateja waliokuwa wamekaa kwenye benchi. "Kaandika mwenyewe programu, halafu lawama analeta kwangu. Kaka, hicho kitu chako ndiyo kimeo. Mtu mzima na gemu la watoto! Nunua simu." Halafu akanyoosha mkono kuchomoa kadi ya kumbukumbu. "Lete niifomati, itakaa sawa."

Kufomati! Maneno yangu yote, kazi ya usiku baada ya usiku, afute kwa sababu ya dakika moja ya kuweka tarehe. Nilimnyang'anya mashine mkononi. Sijawahi kumnyang'anya mtu kitu dukani kwake, na siku ile ningefanya hivyo tena na tena.

Fundi akishafungua kitu cha mtu, aliyokuta na aliyoacha ni juu yake kuyasema. Daktari wa meno huwezi kumwambia umeniachia ganzi akakujibu ganzi hainihusu. Hata hiyo nyota moja naiona nyingi. Msiende.

Ila najua mtaniuliza, basi twende wapi? Mafundi wengine niliowafuata walisema DS haina vipuri tena, au walitaka kuigundisha tachi ya simu. Huyu ule utepe mwembamba wa kioo aliuingiza kwenye kishikizo chake kwa kibano, taratibu, bila kukwangua chochote. Nina mashine ya pili ambayo nayo tachi imeanza kufa pembeni, na wiki inayokuja ninayo karatasi ya mnada yenye maelezo ya mistari sita. Kama kuna mwenye fundi mwingine hapa Dar, anitajie kabla ya Jumamosi. Akikosekana nitampelekea huyuhuyu, kadi nitaiacha nyumbani na tarehe nitaweka mwenyewe palepale kaunta, mbele yake.