Kutembezwa Pujini na kijana wa Chake Chake

Mimi mzaliwa wa Ole, lakini huu mwaka wa 30 naishi Unguja. Habari za Mkame Ndume, mtawala wa kale wa Pujini huko Pemba, nilizisikia kwa bibi yangu, usiku, utambi umeshapunguzwa, na bado nilikuwa sijawahi kufika kwenye ngome yake hata siku moja. Mwezi uliopita nilikwenda Pemba harusini. Nikawachukua wajukuu wangu wawili, nikamlipa kijana mmoja wa Chake anayetembeza wageni shilingi 40,000 atuzungushe kutwa.

Alituanzishia mjini, kwenye ngome kongwe iliyo juu ya kilima, pale unapouona mkono wa bahari unavyoingia. Iliyobaki ni kipande tu, nyingine ilibomolewa ikajengwa hospitali. Ndani ndimo yalimo Makumbusho ya Pemba. Wajukuu walikaa sana kwenye mambo ya nyumba ya Kiswahili, wakaniuliza kama na mimi nilifungiwa ndani kabla ya harusi. Nikawaambia ndiyo, siku saba.

Kutoka hapo kwenda Pujini ni kama kilomita 10 tu, kusini mashariki, lakini gari aliyotukodia ilichelewa saa nzima, na njiani dereva akataka tumwongeze. Kijana alikataa katakata na sikutoa hata senti. Hata hivyo hili namhesabia kosa lake, kwa sababu mambo ya bei na dereva humalizwa jana yake. Watoto walishachoka kabla hatujafika.

Tulipofika, nikamsamehe. Kila tunaposimama hasemi kwanza yeye. Ananigeukia, "Mama, nyinyi mlihadithiwaje?" Basi nahadithia mimi: kwamba Mkame Ndume, mkamua watu, aliwabebesha watu mawe vichwani huku wakisota kwa makalio, mpaka ukuta ukasimama. Anasikiliza mpaka mwisho, hanikatizi. Halafu ndipo anaeleza yaliyotoka ardhini: kwamba ngome ni ya karne ya 15, kwamba ulikuwepo mfereji wa kuingizia vyombo maji yakijaa, kwamba mtafiti wa mambo ya kale Adria LaViolette na wenzake walipochimba miaka ya 1990 walikuta chumba chini ya ardhi, na ukutani, kwenye chokaa, pamechorwa siwa, lile baragumu kubwa la watawala. Wajukuu hawakujua siwa ni nini. Akakunja mikono mdomoni akaiga sauti yake, nzito, na yule mdogo akanishika kanga.

Hajawahi kuniambia hadithi ya bibi yangu ni uongo. Wala hakuichanganya na ya watafiti. Nimeshatembezwa na watu Mji Mkongwe wanaokupa yote kwa pumzi moja, hujui lipi la kitabuni na lipi la barazani, ndiyo maana hili nimelishika.

Mahali penyewe usitegemee majumba. Ni kuta zilizolala, mawe ya matumbawe, mizizi imeingia kila ufa, nyasi mpaka kiunoni. Alikuwa na panga, akatangulia kutufyekea. Vaeni viatu vya kufunika, na nendeni asubuhi.

Pale kwenye shimo la kisima ndipo tulipokaa zaidi. Tuliyoyapokea ni kwamba Mkame Ndume alikuwa na wake wawili wenye wivu, akakigawa kisima kwa ukuta katikati wasikutane: mmoja akiteremka kwa ngazi, wa pili akiteka kwa ndoo na kamba. Niliisimulia kama nilivyoipokea. Mjukuu wangu mkubwa, ana miaka tisa, akachungulia chini kwenye majani, akauliza, "Bibi, kwani ukuta ulizuia na sauti? Hawakuwa wakisikiana wanavyoteka maji?"

Hadithi hii nimewasimulia watoto wangu wote na hilo halikunijia hata mara moja. Nilimtazama kijana, na yeye akanitazama. Hakubuni jibu. Alisema, "Hilo, mwanangu, sijaliona popote," akakaa juu ya jiwe naye akafikiri pamoja na mtoto. Nadhani hapo ndipo 40,000 yangu iliponirudia.

Likizo ya skuli ya Disemba nimeshamwambia atupeleke Chwaka ya huko huko Pemba, kwa Haruni, mwana wa Mkame Ndume, kwenye kaburi lake lenye mnara. Na bei ya gari, safari hii, naipanga mwenyewe na dereva.