Uzoefu wangu: kupata chumba cha bei nafuu Vellore, India, karibu na hospitali ya CMC

Vellore, jimbo la Tamil Nadu, ni mji mdogo kwa hesabu za India, lakini loji zake ni nyingi kupita ukubwa wake. Sababu ni Christian Medical College, hospitali ambayo kila mtu pale huiita CMC. Mitaa inayoizunguka, hasa Gandhi Road na Babu Rao Street, imejaa loji za wagonjwa na wauguzaji wao kutoka Bengal, Assam na Bangladesh, na wengine kutoka kwetu Afrika Mashariki. Vyumba havikosekani. Kazi ni kupata kinachoruhusiwa kumpokea mtu mwenye pasipoti ya nje.

Sheria ya India inataka kila hoteli au loji inayolaza mgeni kutoka nje ya nchi ipeleke taarifa zake uhamiaji kwa mtandao ndani ya saa 24, kwa fomu ambayo wengi huiita Fomu C. Loji nyingi ndogo hazijajisajili kwa kazi hiyo, na programu za kukata vyumba hazichuji jambo hilo vizuri. Unalipa, unapata uthibitisho, unafika usiku na mgonjwa, kisha mtu wa mapokezi anakuomba Aadhaar, kitambulisho cha wakazi wa India, na anakataa kukuandika. Ndiyo maana silipi kabla ya kuwaandikia kwa WhatsApp: mnapokea wageni wa nje, na Fomu C mnajaza wenyewe? Jibu la simu tu halitoshi. Liwe la maandishi, uwaonyeshe ukifika. Beba kopi za ukurasa wa picha wa pasipoti, viza, na muhuri wa kuingilia. Kopi ya Fomu C yenyewe iombe uitunze, kwani matibabu yakirefuka na ukahitaji kuongezewa viza, utatakiwa kuonyesha unapoishi.

Pia soma vizuri karatasi ya miadi. Baadhi ya idara za CMC zimehamia kampasi ya Ranipet, nje ya mji, iliyofunguliwa mwaka 2022. Ukipanga Gandhi Road huku daktari wako yuko Ranipet, unafuu wa chumba utaishia kwenye nauli.

Bei iliyoandikwa si bei utakayolipa. Tangu 22 Septemba 2025 kodi ya bidhaa na huduma (GST) kwa chumba kisichozidi rupia 7,500 kwa usiku ni asilimia 5. Zamani ilikuwa 12. Chumba cha rupia 1,200 kwa siku saba ni 8,400, na kodi 420, jumla 8,820. Ukikuta mtu bado anakutoza 12, omba risiti yenye namba ya GST. Mtu wa tatu chumbani hulipiwa godoro la ziada, na bei yake sharti isemwe mapema.

Saa za kutoka huwachanganya wengi. Loji nyingi hufuata saa 24: ukiingia saa 11 alfajiri, siku yako inaisha saa 11 alfajiri ya kesho. Ukiondoka kwa treni ya jioni, unalipa siku nzima zaidi. Loji zinazokatwa kwa programu hutaka utoke saa 5 au 6 mchana, na ukiwahi alfajiri wanaweza kukutoza usiku ambao hukulala. Treni nyingi kutoka Chennai hazifiki Vellore mjini bali Katpadi Junction, kilomita sita au saba kutoka hospitali. Ukishuka alfajiri, ni nafuu kukaa chumba cha kusubiria abiria hadi saa 2 au 3 asubuhi, ndipo uchukue bajaji. Patana nauli kabla ya kupanda.

Mimi hushauri kukata usiku mmoja tu kwa mtandao. Asubuhi pita loji kadhaa kwa miguu, uone chumba, kisha omba bei ya wiki au ya mwezi. Punguzo la kweli linapatikana pale mezani.

Chumbani angalia kiyoyozi kwanza. Kuna loji zinazouza chumba kilekile kwa bei mbili: ukilipa ile ya chini, wanakunyima rimoti. Kuanzia Aprili hadi Juni joto la Vellore hupita nyuzi 40, na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa hatavumilia feni peke yake. Uliza umeme ukikatika jenereta inabeba nini. Mara nyingi ni taa na feni tu. Kiyoyozi, hita ya maji na pengine lifti vinasimama. Mwenye magongo apewe ghorofa ya chini. Hita nyingine ni za lita 3, zinazotoa maji ya moto kidogokidogo. Ya lita 15 inatosha ndoo ya kuoga. Uliza choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, maana mtu wa goti au nyonga hawezi kuchuchumaa. Dirisha nalo lifungue: mengine yanatazama korido, na chumba hakipati hewa.

Kwa kukaa muda mrefu, tafuta chumba chenye jiko. Loji kadhaa hukodisha jiko la gesi na vyombo, na chakula cha kupika mwenyewe humfaa mgonjwa asiyezoea pilipili za Kitamil. Maji ya kunywa nunua dumu la lita 20. Dumu lenyewe unaliwekea amana. Plagi ya pini tatu bapa tunayotumia Tanzania na Kenya mara nyingi haiingii, hivyo adapta ni lazima.

Malipo: wenyeji wanalipa kwa UPI, mfumo wa India wa kulipa kwa simu, na kadi za benki za kwetu hukataliwa mara kwa mara. Uwe na rupia taslimu. Hata ukipatana bei ya wiki au ya mwezi, lipa siku mbili mbili, si mwezi mzima kwa mkupuo, kwa sababu tarehe za daktari hubadilika na kurudishiwa fedha uliyotanguliza ni kazi. Amana yoyote iandikwe kwenye risiti, na tarehe na saa uliyoingia.