Wameniharibia anga la Bahi, eti ndo HD

Sizunguki, hii studio ya kuchapa picha hapa Dodoma mjini imeniudhi na naandika hasira zikiwa bado zipo. Nilipeleka picha moja tu ya kuchapwa kwenye kanvasi, niliipigia Kilimatinde, pale juu kabisa ukingoni mwa bonde la ufa ambapo chini unaiona tambarare yote ya Bahi, mibuyu imesimama na mawingu ya mvua za kwanza yametanda. Zawadi ya baba, kakulia upande ule. Faili lilikuwa limeshaeditiwa, limeisha, nikamwambia kijana wa kwenye kompyuta, mdogo wangu hii usiiguse, chapa ilivyo. Akasema sawa dada.

Naenda kuchukua, kuifungua tu nikaishiwa nguvu. Pale milima inapokutana na anga kuna utepe mweupe umeifuata milima yote kuanzia kushoto mpaka kulia, na mibuyu kila tawi lina mwanga pembeni kama picha iliyokatwa na mkasi ikabandikwa. Mawingu ndo usiseme. Yalikuwa laini, kijivu kinahama taratibu kwenda kwenye rangi ya vumbi, sasa yamejaa chenga. Nikajua hapohapo mtu kavuta shapu, ile ya kukazia ukali wa picha kwenye kompyuta.

Namuuliza, wala hakukataa. "Dada picha yako ilikuwa haina shapu, nimekuwekea HD, labda macho yako hayajazoea picha kali." Mbele ya wateja wengine! Mi nimemuelekeza kwa heshima, yeye ananijibu macho.

Jamani, shapu haileti kitu ambacho kamera haikukinasa. Kazi yake ni kutafuta penye mwanga panapokutana na giza, upande wa mwanga unazidishwa mwanga na wa giza unazidishwa giza, ndo jicho linaona kama mstari umekata. Sasa mlima mweusi na anga jeupe ukizidisha kidogo tu ule utepe unatoka, na ukiongeza redias, yaani upana wa shapu pembeni ya mstari, ndo unanenepa. Halafu anga lenyewe unashapisha nini? Mle ndani hakuna majani wala mawe, kuna noizi, zile chenga ndogondogo za kamera, kwa hiyo ukivuta slaida, kile kitufe cha kuongeza na kupunguza shapu, unaikuza noizi. Kwenye Lightroom, programu ya kuediti picha, kuna slaida ya masking, ya kuchagua shapu iingie wapi, ukishikilia Alt huku unaivuta picha inageuka nyeusi na nyeupe, peupe ndo panapata shapu na peusi panaachwa. Mi navuta mpaka anga lote liwe jeusi, yabaki mawe na magome ya mibuyu tu, na naangalia kwa asilimia 100 maana picha nzima ikiwa imebanwa kwenye skrini huoni madhara. Hiyo kazi nilishaifanya nyumbani! Yeye kaja kumwaga shapu nyingine juu yake, anga na kila kitu. Na wanaopeleka picha za simu sijui inakuwaje, maana simu nyingi zinatia shapu zenyewe kabla hata hujaifungua picha.

Ila kwa rangi niseme ukweli, wamepatia, ule udongo mwekundu umetoka vilevile. Fremu ya mbao imenyooka, kona zimefunga vizuri. Na naelewa picha ya kuchapa inataka shapu kidogo ya mwisho ikishawekwa kwenye saizi yake, kwa sababu wino unasambaa kidogo, hilo silikatai kabisa, nikaanza hata kuwaza labda nawaonea. Sasa naomba warudie, kijana ananiambia nilipie kanvasi mpya, kazi imeshafanyika. Imefanyika na nani? Nani kamtuma?

Aliyeokoa ni dada wa mapokezi, akampigia bosi, wakakubali kurudia kwa nusu bei. Nusu bei ya kosa lao, na nimelipa kwa sababu baba alikuwa anakaribia kufika. Huyo dada alinipa pole na akasimama pale kwenye kompyuta mpaka faili likatumwa bila kuguswa. Ya pili imetoka safi, mawingu laini, milima haina utepe, mashine ileile na wino uleule. Ndo kilichonikera zaidi, kumbe uwezo wanao.

Nilianza kuandika nikitaka kuwaambia msikanyage pale. Sasa nakaa katikati, baba kaitundika sebuleni na anaonyesha kila mgeni, siwezi kusema kazi ni mbaya. Ukienda andika kabisa kwenye risiti kwamba hakuna kuongeza shapu, na omba uone anga kwa ukubwa wake kwenye skrini kabla hawajabonyeza kuchapa. Nyota mbili, moja ya fremu na moja ya yule dada wa mapokezi. Kijana wa kompyuta simpi kitu mpaka anirudishie ile nusu.