Wiki 14 na programu ya vijana na wazazi: natoa nyota nne, ya tano nimeibana

Nianze na kinyongo, nikitoe kifuani. Mlezi wa kwanza aliyepangiwa mwanangu (mtu wa kukaa naye na kumwongoza), kijana wa kujitolea mwenye maneno matamu, alikuja Jumamosi sita kisha akapotea. Hakupiga simu wala kuaga. Jumamosi ya saba mwanangu alivaa mapema, akakaa kwenye ngazi, akawa anafunga kamba za kiatu na kuzifungua. Zilipita saa mbili hivyo. Aliponyanyuka alisema neno moja tu: "Nilijua." Wiki iliyofuata alitoroka shule siku tatu.

Mratibu nilipomfuata hakuzunguka. Alisema jambo hili linajulikana kwa wanaofanya kazi hii: utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba vijana ambao walezi wao waliondoka ndani ya miezi mitatu walishuka katika namna wanavyojithamini, na waliokaa na mlezi mwaka au zaidi ndio walionufaika kuliko wote. Nikamuuliza, kama mnalijua hilo, mbona mnampokea mtu bila kumfunga kwa ahadi ya mwaka mzima? Akainamia karatasi zake. Hapo ndipo nyota ya tano ilipobaki.

Nyingine nne wamezipata kwa jasho lao.

Hatukuwa wageni wa mambo haya. Mwanangu ana miaka 15, na kabla ya hapo tulijaribu programu nyingine iliyowapeleka vijana gerezani wakafokewe na wafungwa, eti waingiwe na hofu. Mtindo huo ulivuma Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Walipokuja kuupima, kwa kulinganisha vijana waliopelekwa na wasiopelekwa, waliopelekwa ndio waliofanya makosa zaidi. Laiti ningelijua mapema. Wangu alirudi bila hofu yoyote, ana hadithi za kujitamba na marafiki wawili wapya, wote wakubwa kuliko yeye. Jirani akanikumbusha samaki mkunje angali mbichi. Nilitamani kumuuliza, huyu wa miaka 15 ni mbichi bado au keshakauka?

Programu hii ya pili ilinishtua siku ya kwanza, maana niliambiwa na mimi nimeandikishwa. Vikao 14, mara moja kwa wiki. Saa ya kwanza wazazi chumba chao na vijana chumba chao, saa ya pili tunakaa pamoja kufanyia mazoezi tulichofundishwa. Nilikuja kumkabidhi mtoto kama mtu anayepeleka redio kwa fundi, nikapewa daftari.

Zoezi lililonitoa jasho lilikuwa la dakika kumi. Kila siku kijana anachagua cha kufanya, mzazi anamfuata: hakuna amri, hakuna swali la shule, hakuna "lakini." Wangu alichagua kurekebisha mnyororo wa baiskeli. Nilikaa chini pembeni yake, naona anafunga kitu kinyumenyume, ulimi unaniwasha. Dakika ya nne nikateleza: "Si uanze na huo mwingine?" Akaweka spana chini, akaniangalia. Nikasema samahani. Sidhani kama aliwahi kulisikia neno hilo kutoka kwangu. Akaokota spana, akaendelea, na bila kuulizwa akaanza kunieleza kwa nini mnyororo unaruka.

Kazi ya kumsifu mtoto kwa jambo moja kila siku ilianza kwa aibu. Mara ya kwanza aliniuliza, "Unataka kunituma nini?" Mwezeshaji alicheka, akasema wengi huanzia hapo, na akanifundisha kutaja tendo lenyewe ("umerudi saa uliyosema") badala ya kumwaga sifa hewani.

Baba yake alikuja mara mbili, tena kwa kusukumwa. Vikao ni jioni za siku za kazi, na mwenye zamu hawezi. Chumba cha watoto wadogo kilituokoa wengi. Bila hicho nisingefika hata kikao cha tano.

Matokeo? Wale marafiki wawili bado wapo, ila hawaji kila siku. Utoro umepungua, haujakwisha. Akichelewa ananitumia ujumbe, na mimi nimejifunza kusubiri arudi ndipo tuzungumze, sio kumngoja mlangoni na mkanda wa maneno.

Baada ya malalamiko yangu alipewa mlezi wa pili, mtu mzima kidogo, si msemaji. Amefikisha miezi minane, vikao vyenyewe vilishakwisha. Mwezi uliopita alikuwa na safari ya wiki mbili, akaja kumwambia mwanangu uso kwa uso na kumwandikia tarehe ya kurudi kwenye kipande cha karatasi. Kimebandikwa juu ya kitanda chake mpaka leo, ingawa tarehe yenyewe imeshapita na mtu amesharudi.

Ukienda kuandikisha wako, uliza hilo kwanza: mlezi ameahidi muda gani, na akiondoka, nani atamwambia mtoto.