Nilivyoisoma The Marriage Portrait: gauni la marehemu dada

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo riwaya hii ya Maggie O'Farrell, iliyotoka 2022, ilininasa kwenye gauni kabla ya kuninasa kwenye mauaji. Maria, binti mkubwa wa Cosimo wa Medici, mtawala wa Florence huko Italia, alikuwa ameposwa na Alfonso wa Ferrara, mji mwingine wa huko huko. Akafariki 1557. Posa haikurudishwa. Akasogezwa mdogo wake, Lucrezia. Humu riwayani, gauni la harusi lililoshonwa kwa vipimo vya Maria ndilo analovalishwa yeye, limepunguzwapunguzwa. Jamani, nimeshapunguza magauni mengi ya kuachiana. Pindo utalificha, kiuno utakibana, lakini mabega yatakuumbua. Nilifunga kitabu hapo nikaenda kuinjika chai.

Lucrezia aliishi kweli. Alizaliwa 1545, akaozwa 1558 ana miaka 13, akapelekwa Ferrara 1560, na 1561 akafa akiwa na miaka 16. Inaaminika zaidi kwamba ni kifua kikuu, lakini uvumi wa sumu ulimwandama mumewe miaka na miaka, mpaka mshairi Mwingereza Robert Browning akautungia shairi mwaka 1842. O'Farrell ameshika uvumi huohuo: mwanzoni kabisa bibi harusi yuko mezani na mumewe, kwenye ngome iliyojitenga, na ameshang'amua kwamba huyu bwana anataka kumwua. Kisha hadithi inarudi utotoni, inakwenda na kurudi hivyo hivyo.

Pale kwenye chui milia nimeparudia mara tatu. Cosimo ameletewa mnyama huyo, anafugwa chini ya jumba, na watoto wanapelekwa kumwona. Wenzake wanasonga mbele, Lucrezia anabaki nyuma, anapenyeza mkono kati ya nondo na kuyagusa manyoya. Haumwi. Mtoto aliyefanya hivyo ndiye baadaye anayeambiwa akae wima, atulie, achorwe, maana mume anataka picha ya mke.

Katikati kunachosha, sitaficha. Kila kivuli na kila jani vinaelezwa, na Kiingereza chake ni kizito. Kamusi ya simu ilinisaidia sana. Alfonso nilimshtukia mapema mno, ningependa anihangaishe kidogo zaidi. Mwisho siutoboi, ila kuna mtumishi mmoja ambaye mpaka leo naona alidhulumiwa, na sina hakika kama mwandishi naye aliliona hilo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nilipomaliza niliitafuta kwenye simu ile picha ya kweli ya Lucrezia, ya wachoraji wa Florence. Binti mwembamba, gauni la rangi nzito, vito shingoni, uso hautoi siri. Nikaikuza nitazame mabega. Yamekaa sawasawa. Hili angalau walimshonea yeye.