Maji ya Wageni: Uzoefu Wangu wa Kutembea kwa Miguu kutoka Empakaai hadi Ziwa Natron

Niseme mapema kwamba njia yenyewe haina kosa. Anayesoma hapa akitafuta sababu ya kutokwenda nyanda za juu za Ngorongoro na kushuka kwa miguu hadi Natron hataipata kwangu. Ninachokilalamikia ni kampuni iliyotupeleka, ambayo sitaitaja kwa sababu mtu ninayemheshimu amenisihi nisiitaje, na hasa kiongozi wa msafara tuliyepewa, na kwa usahihi zaidi sentensi moja aliyoitamka katikati ya mteremko ule mkavu unaoshuka kutoka kijiji cha Naiyobi.

"Mama, hayo maji ni ya wageni."

Tulikuwa kundi la mchanganyiko: mimi, mdogo wangu wa kike, na watalii kadhaa kutoka Ulaya, tuliounganishwa na kampuni ili gharama za askari wa hifadhi, punda na gari zigawanyike. Utaratibu huo ni wa kawaida na sina ugomvi nao. Kiingilio cha hifadhi sisi Watanzania hulipa kidogo kuliko wageni, na hilo ni jambo la serikali na mamlaka ya hifadhi, si hisani ya kampuni yoyote. Lakini malipo ya huduma, yaani mahema, chakula, mpishi, punda na hayo maji yenyewe, tulilipa sawa na wenzetu mpaka shilingi ya mwisho. Ninalijua hilo kwa kuwa jioni moja kambini tulilinganisha ankara, na mama mmoja wa Kizungu ndiye aliyeanza kuuliza.

Siku za mwanzo zilikuwa za raha tupu. Ukiteremka ndani ya kreta ya Empakaai unapita katika msitu wenye ukungu, mashina yamevikwa kuvu na ndevu za miti, kisha ghafla unatokea kwenye ziwa lililojaa karibu nusu ya sakafu yote, na heroe wamejipanga pembeni. Asubuhi, ukiwa ukingoni mwa kreta na baridi ikikuuma masikio, unaiona Oldoinyo Lengai, ule mlima wa volkano, imesimama peke yake upande wa kaskazini, na nyuma yake Natron inang'aa chini kabisa. Mtu mwenye macho hahitaji kuelezwa kwamba atakapofika kule atakuwa ameingia nchi nyingine. Pepo kutoka Bahari ya Hindi hufikisha mvua kwenye miteremko ya mashariki ya nyanda hizo, lakini sakafu ya Bonde la Ufa hupata mabaki tu.

Na hapa ndipo wengi wanapojidanganya, kwa kuwa wamezoea kufikiri kwamba kushuka ni nafuu. Kwenye Kilimanjaro anayeelemewa huteremshwa, naye hupata pumzi. Kwenye njia hii kila hatua ya kushuka inakupeleka kwenye joto. Kutoka kingo za Empakaai hadi ziwani ni zaidi ya mita 2,000 za kuteremka, miti inapungua, nyasi zinakuwa fupi na za rangi ya ngozi ya simba, majivu ya volkano yanafuka kwa kila unyayo, na hakuna kijito unachoweza kukitegemea. Maji yote ya kunywa yanabebwa na punda ndani ya madumu. Kwa hiyo anayeshika dumu ndiye anayeshika msafara, na kampuni inayojua kazi yake ingepaswa kulifikiria jambo hilo kabla ya kufikiria rangi ya mahema.

Jua lilikuwa limeshapanda nilipoenda kujaza chupa yangu. Kijana yule, aliyekuwa na umri wa mwanangu, akaweka kiganja juu ya kifuniko na kutamka maneno niliyoyanukuu hapo juu. Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza, "Kijana, na mimi ni nani?" Akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, akasema, "Nyie wenyeji mmezoea, mama." Mimi nimezaliwa na kukulia Tanga. Ningependa aliyemfundisha kazi anieleze ni jangwa gani nililolizoea pale Tanga.

Lililofuata lilikuwa baya zaidi. Mmoja wa watalii alipouliza kwa Kiingereza kuna nini, kiongozi wetu alimjibu kwamba mama huyu amechoka kidogo na anahitaji kupumzika. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikiwa nimefundisha sekondari miaka yote ya ujana wangu, nikisikiliza nikigeuzwa mgonjwa ili asionekane mchoyo. Nilimsahihisha kwa Kiingereza kile kile, polepole, kila mtu akasikia. Wageni walitazamana kwa aibu isiyokuwa yao. Mzee wa Kimaasai mwenye punda, ambaye tangu tuanze safari alikuwa hajazungumza zaidi ya salamu, alilifungua dumu bila kumwomba mtu ruhusa, akasema, "Yeyo, kunywa," yaani mama, kunywa. Nikanywa, na mdogo wangu akanywa, na tukajaza chupa.

Nakiri kwamba kwa saa kadhaa baada ya hapo sikuona mandhari yoyote. Watu wanaosifu njia hii wataje bonde, twiga na pundamilia wanaovuka mbele yako; mimi niliona mgongo wa kijana yule na begi lake, na kichwani nilikuwa nikiandika barua.

Engare Sero, kijiji kilicho karibu na Ziwa Natron, iliniponya kwa sehemu. Kuna korongo pale ambalo mto umelipasua ukutani mwa Bonde la Ufa, na unaingia ndani yake ukiongozwa na vijana wa kijiji, si na kampuni. Unavuka mto mara kwa mara, maji yakikufika magotini na pengine juu zaidi, ukishikilia mwamba kwa mkono mmoja na mkono wa mwongozaji kwa mwingine, minazi-mwitu na mitende ikining'inia kwenye kuta, mpaka unafika kwenye maporomoko yanayobubujika kutoka kwenye jabali lenyewe kana kwamba mtu amesahau kufunga bomba. Nje ya korongo kila kitu kimekauka, na ndani yake unaloa mpaka kifuani. Kijana wa kijiji aliyetuongoza alimsubiri aliye nyuma bila kuguna. Kwake ningetoa nyota zote zilizopo.

Karibu na hapo kuna nyayo za binadamu wa kale, zaidi ya 400, zilizokanyagwa kwenye tope la majivu ya volkano na kuachwa zikawa jiwe. Niliambiwa nisizisogelee, nami nilitii.

Lengai tuliipanda usiku, kama inavyofanywa, kwa kuwa mlima huo hauna kivuli hata kidogo na jua likikukuta kwenye mteremko utajuta. Wanaoufuatilia wanajua kwamba lava yake haifanani na nyingine duniani: ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida, hutoka nyeusi na nyepesi, kisha hugeuka nyeupe inapokutana na unyevu wa hewa. Zamani watu walitembea juu ya sakafu ya kreta. Tangu mlipuko wa 2007 na 2008 kuna shimo refu, unachungulia tu. Kiongozi wetu wa kampuni hakupanda. Alisema goti linamsumbua. Tulipandishwa na Mmaasai wa kijijini, na maji kila mtu alibeba yake, hivyo hapakuwa na wa kumnyima mwenzake.

Sasa, kwa ajili ya haki, ni lazima niandike jambo ambalo lilinifanya nifute tathmini yangu ya kwanza. Usiku wa mwisho mpishi alinieleza kwa sauti ya chini kwamba orodha iliyotoka ofisini ilihesabu maji ya kunywa kwa wageni wa nje peke yao, na kwamba kiongozi alikuwa amepewa madumu kwa hesabu hiyo hiyo. Kwa maana hiyo, kijana yule alikuwa akilinda kile alichokabidhiwa, na lawama kubwa iko kwa aliyekaa kivulini akapiga hesabu. Nilianza kumhurumia. Kisha nikakumbuka jinsi alivyosema nimechoka, na huruma ikaisha. Orodha ya ofisi haikumwagiza aseme uongo.

Kampuni iliponiomba maoni niliandika yote haya kwa urefu zaidi. Walijibu kwa adabu, wakanipa punguzo la bei kwa safari ijayo kwa kuwa wanathamini sana watalii wa ndani. Nimewauliza kwa maandishi kama punguzo hilo limegusa na maji. Hadi ninapoandika hapa hawajanijibu.

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota tatu, kwa sababu chakula kilikuwa kizuri, mahema hayakuvuja na punda walitunzwa vyema. Baada ya kuandika aya iliyopita nimezishusha hadi moja, na hiyo moja ni ya mpishi. Njia iendeeni, tena kiangazi, na mkilipia kampuni yoyote ulizeni kabla ya kutoa fedha ni lita ngapi za maji kwa kila kichwa kwenye mteremko wa Naiyobi, na kama vichwa vya Watanzania vimehesabiwa.